Chombo ni cha nani, na nahodha ni nani?

Juma hili tuzungumze juu ya vijana wanaoanzisha kampuni kwa ubia. Wawili au watatu, marafiki tangu shuleni, wanapata wazo la programu ya kompyuta au huduma ya simu. Wanachanga fedha kidogo, wanakwenda kuandikisha kampuni, na wakiulizwa watagawanaje hisa, wanajibu upesi: "Sisi ni ndugu, tugawane sawasawa." Jibu hilo hupendeza masikioni. Lakini mara nyingi huo si usawa uliopimwa, bali ni ugomvi ulioahirishwa.

Wavuvi wa pwani yetu hawafanyi hivyo. Chombo kinaporudi na samaki, mapato hugawanywa mafungu: kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia, na nahodha hupata zaidi ya baharia wa kawaida. Kila mmoja analijua fungu lake kabla ya tanga kupandishwa. Aidha, mwenye chombo akiwamo safarini, amri ya baharini hubaki kuwa ya nahodha. Kumiliki ni jambo moja, kuongoza ni jambo la pili.

Katika kampuni mambo hayo mawili huchanganyika, kwa kuwa hisa huja na kura, isipokuwa mmeandika vinginevyo. Chukua sheria ya makampuni ya Kenya ya mwaka 2015. Azimio la kawaida la wanahisa hupita kwa kura zinazozidi nusu, na azimio la kawaida latosha kumwondoa mkurugenzi katika bodi. Katiba ya kampuni haibadilishwi ila kwa azimio maalumu, ambalo huhitaji asilimia 75. Sasa pigeni hesabu. Wabia wawili wenye 50 kwa 50 wakikosana, hakuna azimio litakalopita, na kampuni itakwama kama jahazi juu ya mwamba. Wakiwa na 51 kwa 49, tofauti ni hisa mbili tu katika mia, lakini mwenye 51 anaweza kumtoa mwenzake katika bodi. Kwa hiyo anayesema "hisa moja mbili si kitu" hajui anachokisema.

Tutazame mifano ya Marekani, maana habari zake zi wazi. Kampuni ya Apple ilianza tarehe 1 Aprili 1976 kama ubia wa watu watatu. Steve Jobs na Steve Wozniak walichukua asilimia 45 kila mmoja. Mtu mzima aliyewazidi umri, Ronald Wayne, alipewa asilimia 10 ili vijana hao wakivutana, yeye awe mwamuzi. Ndiye aliyeuandika mkataba wenyewe. Lakini siku 12 baadaye Wayne alijitoa, akalipwa dola 800, na baadaye dola 1,500 nyingine. Leo wengi humcheka kwa utajiri alioukosa. Hawaulizi kwa nini aliondoka. Katika ubia wa aina ile, deni la mmoja ni deni la wote. Jobs alikwisha kukopa ili kutimiza oda ya duka moja la kompyuta, na kati ya watatu hao Wayne ndiye aliyekuwa na mali ya kunyang'anywa. Alikuwa na asilimia 10 ya faida, lakini hatari iliyomkabili ilikuwa kubwa kuliko ya wenzake. Fungu lake halikulingana na mzigo wake.

Yaliyomfika Jobs mwenyewe yana funzo jingine. Apple ilipokuwa kampuni kubwa, wenye mitaji waliingia na bodi ikaundwa. Mwaka 1983 Jobs alimleta John Sculley kutoka Pepsi awe mtendaji mkuu. Mwaka 1985 wakagombana, bodi ikawa upande wa Sculley, na Jobs akaondoka katika kampuni aliyoianzisha. Hisa alikuwa nazo, na cheo cha mwenyekiti alikuwa nacho, lakini usukani ulikuwa mikononi mwa wengine. Alirejea mwaka 1997.

Paul Allen wa Microsoft aliona upande wa pili. Katika kitabu chake cha mwaka 2011 anaeleza kwamba alitarajia kugawana nusu kwa nusu na Bill Gates. Gates akataka 60 kwa 40, kisha 64 kwa 36, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi. Allen alikubali. Alipougua saratani na kuondoka mwaka 1983, Gates alitaka kuzinunua hisa zake kwa dola 5 kila moja. Allen akaona bei ni ndogo, akakataa. Kampuni ilipouza hisa kwa umma mwaka 1986, Allen akawa tajiri mkubwa. Uongozi aliuacha, lakini fungu lake lilikuwa limeandikwa, wala hapakuwa na wa kulifuta.

Basi, vijana wetu wafanye nini? Kwanza, wapime kila mchango: nani ametoa fedha, nani ameacha mshahara, nani anafanya kazi jioni tu. Pili, hisa zichumwe kwa kazi. Desturi iliyoenea ni miaka minne: anayeondoka kabla ya mwaka mmoja haondoki na kitu, akimaliza mwaka hupata robo, na zilizobaki huiva mwezi kwa mwezi. Bila hivyo, mbia akiondoka mwezi wa tatu atabaki na nusu ya kampuni, na wenzake watamfanyia kazi miaka yote. Tatu, waandike nani ana neno la mwisho katika fedha, katika ufundi na katika kuajiri, na wakifungana kura nani ataamua. Nne, waandike hisa za anayeondoka au kufariki zitanunuliwa na nani, na bei itapimwaje.

Wapo watakaosema kwamba kudai maandishi ni kumshuku rafiki. Sioni hivyo. Siku ya kwanza kampuni haina kitu, na kila mtu ni mwema. Ni siku hiyo ndiyo rahisi kusema kweli bila kuumizana. Fedha zikiingia, kila mmoja atakumbuka ahadi ile inayomfaa yeye. Mali bila daftari hupotea bila habari, na urafiki nao hupotea pamoja na mali hiyo.