Dola zetu zikifika Guangzhou
Maneno kwa wanachama, Kalunguta



Wengi mulirudi mashambani mikono mitupu. Kwa hiyo dola mnazokusanya na kumpa mfanyabiashara wa Butembo anayekwenda China ni feza ya kuchungwa sana.

Hapa kwetu dola inanunua sokoni. Guangzhou hapana: ni yuan, na noti kubwa ni ya 100. Mwenye kuingia China na zaidi ya dola 5,000 mkononi azitangaze kwa duane. Akinyamaza, anaweza kuzipoteza. Kubadilisha, abadilishe banki, na paspoti yake. Mtu wa barabarani akimpa noti ya bandia, atamtafuta wapi? Karatasi ya banki aitunze, ndiyo itamsaidia kurudisha yuan zinazobaki kuwa dola. Lakini kila kubadilisha kunakula kidogo, basi abadilishe za kununulia tu.

Sasa hesabu. Dola 1,000 kwa bei ya 7.2 ni yuan 7,200. Bei ikishuka kwa 7, ni 7,000. Zile 200 hakuna aliyeziiba, lakini bila karatasi, kijiji kitasema ameziiba.

Basi siku ya kutoa, tuandike dola ngapi zimetoka. Akirudi, tusome karatasi ya banki pamoja, mbele ya wote. Hapo feza italindwa, na jina la msafiri pia.