Sukari na Mishipa Yetu ya Damu: Hotuba ya Mwenyekiti



Miaka kumi ya kikundi mtaisoma kwenye ripoti ya mweka hazina, hatutairudia. Sisi tunataka kusema juu ya mfuko wa jamii. Mwaka huu fedha nyingi zilizotoka mle hazikwenda kwenye misiba wala malaria. Zimekwenda kwenye kisukari, presha na kiharusi. Mwenzetu mmoja, mnamjua, amekatwa mguu kwa kidonda cha mwiba ambao hata hakuusikia ulipomchoma. Wapo waliosema karogwa. Basi tukamwomba muuguzi aje atufundishe, akaja vikao vitatu, na haya ndiyo tuliyoyaelewa.

Mwili umejengwa kwa chembechembe ndogo sana ziitwazo seli. Karibu kila seli ina vinu vyake vya kutengeneza nguvu, wataalamu wanaviita mitokondria. Kuni zake ni mafuta na sukari, na sukari yenyewe si ile ya chai tu, hata ugali, wali na mihogo hugeuka sukari tumboni. Sasa, seli za misuli zina mlango wenye kufuli, kama sanduku letu. Ufunguo ni insulini inayotoka kwenye kongosho. Kwa mgonjwa wa kisukari ufunguo hautoshi, au upo lakini kufuli limekuwa gumu. Sukari inabaki nje, inazunguka kwenye damu.

Hapo ndipo penye hatari. Seli za ukuta wa ndani wa mshipa wa damu hazina kufuli la namna hiyo. Sukari ikizidi inaingia tu, zitake zisitake. Vinu vinazidiwa, kama jiko lililoshindiliwa kuni linavyojaa moshi, na ukuta unaumia. Ukuta mzima hutengeneza hewa ya kulegeza mshipa ili damu ipite. Wataalamu watatu wa Marekani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya hewa hiyo. Ukuta ulioumia unatoa kidogo. Mshipa unakakamaa, mafuta yanajijenga humo, njia inakuwa nyembamba. Ikiziba kichwani ni kiharusi. Miguuni mishipa ya fahamu inaharibika, ganzi inaingia, na kidonda hakiponi kwa kukosa damu. Uchawi uko wapi hapo?

Kilichotufurahisha ni kwamba msuli unaofanya kazi hufungua mlango hata bila ufunguo ule. Kutembea baada ya kula kunapunguza sukari, na sisi tunaoshinda tumekaa gengeni tumesikia. Lakini dawa za hospitali haziachwi eti kwa sababu mtu anatembea!

Kwa hiyo tunaomba mkutano ukubali kila mwanachama apimwe sukari na presha kila mwaka kwa fedha za mfuko. Wapo wanaosema gawio litapungua. Litapungua kweli. Mguu mmoja umetumalizia akiba ya miezi saba.

Muuguzi yuko pale kwa katibu na mashine zake. Presha ya 140 kwa 90 kwenda juu, au sukari ya 7 kwenda juu kabla ya kula, atawaandikia mkapimwe tena hospitali. Wanaotaka wapite sasa, pilau haijapakuliwa, na waliokwisha kunywa chai waseme ukweli.