Hesabu Huanzia Uani



Chamani twagombana kila msimu juu ya mizani, ilhali hesabu huanzia uani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mtoto wa miaka 5 atatosheka na mashimo 4 mchangani na komwe 12. Mwacheni agawe sawasawa, aongeze, apunguze, abishane. Akikosea, msimnyang'anye komwe. Mwambieni ahesabu tena.

Mdogo wake asiyetimiza miaka 3 asipewe komwe wala punje, kwani hutia kinywani na zaweza kumkaba koo. Huyo apewe magunzi mazima ya mahindi, ayapange kwa urefu.

Baba naye akae chini, acheze. Mimi hushindwa mara nyingi, na wajukuu hunicheka sana.