Kibali cha Daraja M

Msikilizaji wa Lodwar, Kakuma na Kalobeyei, leo tunazungumzia karatasi inayowasumbua wengi: kibali cha kazi cha mkimbizi.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inamruhusu mkimbizi kuajiriwa au kujiajiri, mradi vyeti vyake vitambuliwe hapa Kenya. Lakini kitambulisho cha mkimbizi si kibali cha kazi. Mwalimu kutoka Sudan Kusini anayetaka mshahara kamili katika shule ya Lodwar anahitaji kibali cha Daraja M, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji. Ndiyo maana wakimbizi wengi wanaofundisha au kutafsiri kambini hulipwa posho tu, hata wakifanya kazi ileile ya Mkenya waliyeketi naye meza moja. Mimi naona si haki, ila ndivyo mambo yalivyo.

Kibali hicho hakina ada. Anayekudai "chai" ili akusukumie faili, mwombe risiti uone atajibu nini. Na usikichanganye na ruhusa ya kutoka kambini: hiyo huombwa peke yake, la sivyo waweza kushushwa kwenye matatu hata kabla ya kufika Lodwar.

Kwa raia wa Burundi, Kongo au Sudan Kusini, sheria hiyohiyo inafungua mlango mwingine: kuacha hadhi ya ukimbizi na kukaa kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Usikimbilie. Ukiiacha, ulinzi wa mkimbizi nao unaondoka. Kabla hujatia sahihi, muone wakili wa msaada wa kisheria, na umpelekee karatasi zako zote.