Daktari Aliyewafundisha Wagonjwa Wake

Leo namleta kwako Elliott Joslin, daktari wa Boston, Marekani, kwa sababu namna alivyotibu kisukari ndiyo ninayotamani kuiona katika kila kliniki yetu.

Joslin alizaliwa mwaka 1869, akaanza kutibu Boston mwaka 1898. Kisukari hakikuwa na dawa wakati huo. Mtoto aliyekipata alikonda haraka, na wengi walikufa ndani ya miaka michache. Mama yake Joslin mwenyewe alikuwa nacho. Daktari alibakiwa na chakula tu: akipime, akipunguze, mgonjwa abaki mifupa mitupu lakini asogeze siku. Habari za kila mgonjwa Joslin aliziandika daftarini, akaendelea kuwafuatilia mwaka hadi mwaka.

Dawa ya insulini ilipopatikana Toronto, Kanada, mgonjwa wa kwanza wa Joslin kudungwa, Agosti 1922, alikuwa muuguzi aitwaye Elizabeth Mudge. Alikuwa amedhoofu kwa njaa ya matibabu. Nguvu zikamrudia, akaishi miaka mingi.

Baada ya hapo Joslin angeweza kuandika dozi na kumwita anayefuata. Hakufanya hivyo, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Mwenye kisukari humwona daktari dakika chache, kisha anarudi nyumbani kwenye sahani yake na sindano yake. Maamuzi yote ya siku ni yake. Kwa hiyo Joslin aliwafundisha wagonjwa kupima sukari kwenye mkojo, kujidunga na kupanga mlo. Tangu mwaka 1918, kabla ya insulini, alikuwa amewaandikia kitabu chao. Wauguzi wake waliwafuata wagonjwa hadi majumbani.

Kisha likazuka jambo jingine. Watu waliponusurika wakaishi miaka mingi, miguu ikaanza kuoza. Mwaka 1934 Joslin aliandika kuhusu hatari hiyo, akishikilia kwamba si mkosi ulioandikwa mbinguni. Huanzia kwenye lengelenge ambalo hakuna aliyeliangalia.

Na ni kweli hata kwetu. Sukari ikiwa juu muda mrefu huua hisia za miguu na kupunguza damu inayofika huko. Unaweza kutembea kutwa na kokoto ndani ya kiatu usijue. Jeraha linaloanzia hapo sisi tunaliita kidonda ndugu, na wengi hukimbilia dawa za kupaka mpaka usaha unatoka. Tafadhali, kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole. Kama huwezi kuinama, tumia kioo au mwite mjukuu. Usitembee peku, hata uani. Kung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Ukiona kidonda, hata kidogo kisichouma, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na siku ya kliniki, vua viatu mbele ya daktari hata kama hajakuambia.