BANDA TUPU SI BANDA LISILO NA KAZI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimia miaka kumi ya Chama



Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za hisa, za ghala na za bei, nao wameeleza vizuri. Sisi tumepewa jambo lisilo na fahari, nalo ni matandiko ya banda la kuku, yaani maranda na makapi ya mpunga yaliyo chini ya miguu ya kuku wetu, na yale yatupasayo kuyatenda siku ambazo kundi moja limekwisha kuuzwa na kundi jingine halijaletwa. Huenda wengine wakaona kwamba maneno haya hayafai sikukuu. Lakini katika miaka hii kumi tumewaona wanachama wakipata hasara ambayo chanzo chake hakikuwa chakula wala bei ya soko, bali kile walichokiacha sakafuni.

Yafaa tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja, siku za kukaribia Krismasi, wakati kuku wa nyama wanapotafutwa sana, ofisi yetu iligawa vifaranga kwa kila aliyeagiza bila ya kuuliza hali ya banda lake. Mwanachama mmoja, mama mjane, alikuwa amefanya yote aliyofundishwa: aliondoa matandiko, akaosha, akapuliza dawa, na banda lake likapumzika wiki mbili kamili. Jirani yake alikuwa na haraka. Alizoa matandiko juu juu tu, akayarundika kando ya ua uliowatenga, akamwaga maranda mapya juu ya mabaki, na siku ya nne akapokea vifaranga. Wiki ya tatu ilipotimia Gumboro iliingia kwa yule jirani, na baada ya siku chache ikavuka ua. Yule mama alipoteza zaidi ya theluthi moja ya kuku wake. Akaja ofisini amebeba sanduku tupu la vifaranga, akaliweka juu ya meza, akatuuliza: "Banda langu nimelipumzisha. Je, la jirani yangu lilikuwa juu ya nani kulipumzisha?" Siku ile hatukuwa na jibu. Hotuba hii ndiyo jibu letu, ingawa limechelewa.

Kwanza na tuelewe matandiko ni nini. Kazi yake ni kunywa maji yanayotoka katika kinyesi, kumkinga kifaranga na baridi ya sakafu, na kumpa kuku mahali pa kuparura. Matandiko mema hutandazwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, nayo huwa makavu bila ya kuwa vumbi. Njia ya kuyapima haihitaji chombo. Chukua konzi moja, uibane mkononi, kisha ufungue kiganja. Yakishikamana kidogo na kuvunjika upesi, ni mazuri. Yakibaki donge, yamelowa kupita kiasi. Yakipeperuka kama unga, ni makavu mno, na vumbi lake litawasumbua kuku vifuani.

Matandiko yakilowa, vijidudu vidogo huigeuza taka ya kinyesi kuwa hewa kali iitwayo amonia, ile ituchomayo macho tunapofungua mlango asubuhi. Hewa hiyo huharibu ngozi laini ya koo na macho ya kuku, hata ugonjwa wa kifua ukapata njia. Nasi wafugaji tusiyategemee mapua yetu, maana pua iliyokaa na harufu huizoea. Mwenye kutaka kujua hali ya vifaranga vyake na achuchumae, avute pumzi pale pale walipo.

Tena yapo mambo yasiyo na harufu kabisa. Kuhara damu huletwa na vijidudu ambavyo mayai yake hutoka na kinyesi, na penye joto na unyevu huwa tayari kuambukiza baada ya siku moja au mbili tu. Mayai hayo yana gamba gumu, na dawa nyingi tunazopuliza haziyaui. Yanayoyashinda ni ukavu na moto. Ama Gumboro, jina tunalolitamka kila siku kana kwamba ni la lugha yetu, ni jina la mji mdogo katika jimbo la Delaware huko Marekani, ambako ugonjwa huo ulielezwa kwanza mwaka 1962. Virusi vyake ni vigumu kufa. Wataalamu wamekwisha kuona banda ambalo kuku wagonjwa waliondolewa, na baada ya siku 122, yaani miezi minne, bado liliweza kuwaambukiza kuku wengine. Wiki mbili za kungoja hazivimalizi virusi vya namna hiyo. Kupumzisha banda bila ya kuliosha ni sawa na kufunga mlango huku mwizi yumo ndani. Siku za banda tupu ni siku za kazi, nayo kazi ina taratibu yake.

Siku kuku wanapotoka, usingoje. Mende wadogo weusi waishio katika matandiko, pamoja na panya, huanza kuhama mara banda linapopoa, huingia nyufani na kujificha hadi kundi jipya lije. Basi watiliwe dawa siku ile ile. Halafu toa vyombo vyote vya chakula na vya maji nje juani, na chakula kilichobaki kisiwekwe kwa ajili ya vifaranga vijavyo.

Kisha ondoa matandiko yote, si nusu, si yale ya juu tu. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kuanza ili vumbi lisipande, na wafanyao kazi hiyo wafunge kitambaa puani na mdomoni, maana mapafu ya binadamu nayo huumia. Fagia tangu paa hadi ukutani, na tangu ukutani hadi sakafuni. Afagiaye sakafu kwanza atafagia mara mbili.

Baada ya kufagia, osha kwa maji na sabuni. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hununua dawa ya bei kubwa, wakaipuliza juu ya sakafu yenye kinyesi kilichoganda. Dawa hiyo hufa katika uchafu kabla ya kumfikia adui. Shilingi iliyotumika kwa sabuni ndiyo iipayo nguvu shilingi iliyotumika kwa dawa. Banda lililooshwa liachwe likauke kabisa, ndipo lipulizwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chombo chake, likauke tena, na nyufa zizibwe. Wakati wa masika ukavu huu huchukua siku nyingi zaidi, nasi hatuna budi kumwachia banda siku hizo.

Ndipo banda lifungwe, lipumzike. Asiingie mtu wala kuku wa kienyeji wala mbwa. Wiki mbili ndizo tunazozishauri, zikihesabiwa tangu siku ya kupuliza dawa na si tangu siku ya kuuza kuku. Siku mbili kabla ya vifaranga kuja, leta maranda mapya, makavu, yasiyo na kuvu wala dawa ya mbao, uyatandaze sawasawa.

Tunajua swali lililo mioyoni mwenu: "Je, siku hizo zote si hasara?" Na tufanye hesabu. Mwaka una wiki 52. Kuku wa nyama hukaa bandani wiki 6 hivi. Mfugaji anayeliacha banda wiki moja hutumia wiki 7 kwa kila kundi, naye kwa mwaka hukamilisha makundi 7. Anayeliacha wiki mbili hutumia wiki 8, naye hukamilisha makundi 6. Basi ugomvi wote ni juu ya kundi moja kwa mwaka. Lakini mwenye haraka akipatwa na ugonjwa mara moja tu, kundi lile alilolipata kwa haraka limekwisha kwenda, na pengine huvuta na la pili, kwa sababu banda lililoambukizwa huambukiza tena. Yeye ameweka rehani makundi 7 ili apate moja.

Wengine wamesikia kwamba huko Marekani wafugaji hutumia matandiko yale yale kwa makundi mengi mfululizo. Habari hiyo ni kweli. Lakini yafaa tuisikie yote. Wao huondoa gamba lililolowa kwa mashine, hulundika yaliyobaki kwa matuta marefu ndani ya banda hata yakapata moto wa kuua vijidudu, huyageuza, huyakausha kwa mapangaboi makubwa, na hutia dawa ya kuipunguza amonia. Kundi likipatwa na ugonjwa mzito, huyatoa yote. Asiye na mashine wala pangaboi, akachukua sehemu moja tu ya desturi hiyo, yaani ile ya kutokuondoa, hajawaiga, amevivu tu. Kwetu sisi wenye mabanda madogo ya wavu, kubadili matandiko kwa kila kundi ndiyo njia ya salama.

Sasa matandiko yaliyotolewa yaende wapi? Hiyo ni mali, ndugu zetu. Ina chakula kingi cha mimea. Ila mbichi huunguza mizizi na hubeba magonjwa. Ilundikwe mbali na mabanda yote, lako na la jirani, mbali na kisima, ifunikwe kwa turubai, iwe na unyevu wa kadiri. Ndani ya siku chache lundo hupata moto wa nyuzi 55 hadi 60 za sentigredi, na moto huo ndio uuao. Igeuzwe kila ipoapo, ili iliyokuwa nje iingie ndani. Ikiisha kupoa na kuwa kama udongo mweusi, yafaa shambani. Wala msiwape ng'ombe matandiko kuwa chakula. Mzoga mmoja wa kifaranga uliofichwa humo waweza kuleta sumu ya kupoozesha na kuua ng'ombe.

Waheshimiwa, tumesema ya mfugaji mmoja mmoja. Lakini swali la yule mama halijibiwi na mfugaji mmoja. Ikiwa vumbi huvuka ua, na viatu huvuka ua, na lori la mnunuzi wa mbolea huingia ua huu na kutoka kuingia ule, basi usafi wa banda si mali ya mwenye banda peke yake. Hapo ndipo ushirika unapokuwa na maana.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu maombi matatu. La kwanza, vifaranga vigawanywe kwa mitaa, ili majirani waingize pamoja na kutoa pamoja, na mabanda yao yawe tupu kwa wakati mmoja. La pili, asipewe vifaranga mwanachama ambaye banda lake halijakaguliwa na wazee wawili wa mtaa wake, na ofisi yetu iwe ya kwanza kuitii sheria hiyo, hata Krismasi. La tatu, kila mtaa utenge mahali pa kulundika mbolea, kando ya barabara, ili lori la mnunuzi lisiingie tena katika ua wa mtu, na fedha zitakazopatikana zinunue bomba la kupuliza dawa la mtaa wote.

Tunajua kwamba sheria hizo zitaumiza wengine mwaka wa kwanza. Yupo atakayeiona sikukuu ikipita banda lake likiwa tupu. Tunamwomba avumilie, maana anamlinda jirani, na jirani anamlinda yeye.

Yule mama angali mwanachama, naye yumo katika mkutano huu. Hakuondoka katika Chama, ingawa alikuwa na sababu ya kuondoka. Tunataka kundi lake lijalo, na makundi yenu nyote, yaingie katika mtaa ambao kila banda limepumzika.

Chama chetu kidumu.