Ajali Ikitokea, Ulizeni Karatasi

Wengi mliniomba niweke hapa yale niliyoongea kwenye mjadala wetu wa wanafunzi, basi nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema. Kama kawaida ya uzi huu, sitaji mwanasiasa wala chama. Tunaangalia hoja tu.



Mada niliyopewa ni usalama barabarani na kazi ya wanahabari wapekuzi. Hebu tuanze na kile nyote mnakijua. Ajali kubwa ikitokea Kenya, siasa huwa na ratiba yake. Asubuhi ni rambirambi. Mchana ni lawama: wa serikali anasema dereva alikuwa mzembe, wa upinzani anasema barabara ni mbovu. Jioni msako unatangazwa. Wiki mbili baadaye msako umepoa, matatu zinakimbia vilevile, na hakuna swali hata moja lililojibiwa.

Mjadala huu hukwama kwa sababu pande zote mbili zinaongea bila karatasi. Nyuma ya kila basi na kila lori kuna karatasi: leseni, cheti cha ukaguzi, kibali cha usiku, mchoro wa barabara, kandarasi. Kila karatasi ina sahihi ya mtu. Mwanahabari mpekuzi kazi yake ni kuzifuata hizo sahihi. Sisi wapiga kura tukizifuata pia, wanasiasa watalazimika kuongea tofauti.

Chukueni Fort Ternan, Oktoba 10, 2018. Basi lililotoka Nairobi kuelekea Magharibi lilianguka alfajiri kule Kericho, na zaidi ya watu 50 wakafa. Serikali yenyewe ilisema basi hilo halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Sawa. Lakini basi si sindano. Lilibeba abiria usiku, likapita mji baada ya mji kwenye barabara kuu ambayo ina polisi. Nani aliliona? Nani alilipungia mkono lipite? Ukisema "makosa ya dereva" umeeleza dakika chache za mwisho. Zile saa zote za kabla ya hapo, nani atazieleza?

Sasa njooni Londiani, Juni 30, 2023. Lori la kontena lilipoteza mwelekeo pale kwenye makutano, likagonga matatu, boda boda na wachuuzi. Watu 52 walikufa. Baadaye amri ikatoka kwamba wachuuzi waondolewe kandokando ya barabara. Hapa mwanafunzi wa siasa lazima afungue Katiba, Jedwali la Nne. Barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Masoko ni ya kaunti. Mama mboga yuko katikati ya serikali mbili, na anauza pale magari yanaposimama kwa sababu ndipo wateja walipo. Ni rahisi kaunti kusema barabara si yake, na Nairobi kusema soko si lake. Kwa hivyo karatasi ya kuulizia ni hizi: mpango wa soko uko wapi, nani aliupitisha, na pesa zilitengwa mwaka gani?

Najua kuna mtu hapo nyuma ananiambia, "Wewe, madereva wetu ni wazembe, tuseme ukweli." Ni kweli wako wazembe, na wengine wanapaswa kuwa jela. Lakini angalieni Salgaa. Mimi nikienda ushago Desemba hupita pale. Desemba 31, 2017, watu 36 walikufa karibu na hapo, Migaa, basi lilipogongana na lori. Baadaye sehemu hiyo ya barabara ilijengwa upya, magari yanayoshuka yakatenganishwa na yanayopanda. Madereva hawakubadilishwa, barabara ndiyo ilibadilishwa. Kama ingewezekana kabla ya 2017, kwa nini tulingoja? Hilo ni swali la bajeti, na bajeti ni siasa.

Hata huo uzembe una mizizi. Kanuni za 2014 zinataka dereva na kondakta waajiriwe kwa mkataba na walipwe mshahara. Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la abiria asiendeshe zaidi ya saa 8 kwa siku. Lakini nyote mnajua habari ya target: jioni lazima pesa ya mwenye gari itimie, kisha ndipo dereva na makanga wapate chao. Mtu wa target atapumzika saa ngapi? Msako unamkamata dereva. Ni nani amewahi kusikia msako wa mikataba ya ajira?

Tuje kwa takwimu, kwa sababu wakati wa kampeni utasikia "vifo vimepungua" na "vifo vimeongezeka" kwenye jukwaa moja. NTSA ilisema watu 4,748 walikufa barabarani mwaka wa 2024. Sasa rudini mwaka wa 2016. Hesabu rasmi ya Kenya ilikuwa vifo 2,965. Shirika la Afya Duniani likakadiria 13,463 kwa mwaka huohuo. Ile ya pili ni makadirio, hakuna aliyezihesabu maiti moja moja. Lakini hata ukiikata nusu, bado kuna maelfu ya watu ambao hawamo kwenye vitabu. Njia ya kujua ni kulinganisha vitabu vya polisi na vya hospitali na mochari, kaunti kwa kaunti. Hiyo ni kazi ya upekuzi. Inachukua miezi na pesa, na vyombo vyetu vya habari vinategemea matangazo, yakiwemo ya serikali. Ndiyo maana picha ya basi lililopondeka tunaipata dakika hiyohiyo, lakini cheti chake cha ukaguzi hatukioni.

Basi tufanye nini? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 ya Kupata Habari inaeleza namna. Unaandika ombi, na unaweza kuliandika kwa Kiswahili. Si lazima ueleze sababu. Kuwasilisha ombi hakulipishwi. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na kama habari yenyewe inahusu uhai wa mtu, ina saa 48. Wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi huiita Ombudsman. Si lazima uwe mwanahabari. Chama cha wanafunzi kinaweza, kanisa linaweza, familia iliyofiwa inaweza.

Kwa hivyo mkisikia mtu kwenye runinga au kwenye mkutano akiongea juu ya ajali, mpimeni kwa maswali matatu. Je, ametaja ofisi iliyotia sahihi, au amemtaja dereva peke yake? Je, ameahidi kuweka ripoti ya uchunguzi wazi kwa umma, na kwa tarehe gani? Je, pesa za kurekebisha mahali pale ziko kwenye bajeti, au ziko mdomoni tu? Akishindwa yote matatu, huyo ametoa rambirambi. Tumshukuru kwa rambirambi, lakini tusiihesabu kuwa sera.

Desemba haiko mbali. Wengi wetu tutapanda mabasi kwenda kuwaona wazazi, mengine yataondoka usiku. Hayo maombi yaandikeni sasa, siku 21 zitimie kabla hatujasafiri.

Mkiwa na swali niachieni hapa chini, nitajibu moja baada ya lingine. Na aliyewahi kutuma ombi chini ya sheria hiyo, tuambie ulijibiwa baada ya siku ngapi.